Bali siku nne na wakala asiyejua maji kupwa

Tanah Lot ni hekalu la Wahindu wa Bali, kisiwa cha Indonesia, lililojengwa juu ya mwamba, baharini, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa. Maji yakipwa unavuka kwa miguu. Yakijaa, mwamba unageuka kisiwa na wewe unabaki ufukweni. Ukivuka, pale chini ya mwamba kuna chemchemi ya maji baridi yasiyo na chumvi kabisa, ingawa mawimbi yanapiga hatua chache tu kutoka hapo. Makuhani wanakunyunyizia, wanakubandika punje za mchele kwenye paji la uso, wanakuchomekea ua sikioni, nawe unatoa sadaka yako. Juu hekaluni hupandi kama hukuja kusali. Kwa hiyo asiyevuka amekwenda kupiga picha ya jiwe.

Sisi tulipiga picha ya jiwe.

Wakala aliyetuuzia safari (ofisi iko katikati ya jiji hapa Dar, jina naliacha) aliandika kwenye ratiba: siku ya kwanza, Tanah Lot, machweo, kufika saa 11:30 jioni. Ukisoma haraka unaona sawa tu. Lakini jua la Bali halihami sana, mwaka mzima linazama saa kumi na mbili na dakika zake. Kinachohama ni maji, yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Siku ile yalikuwa yamekupwa kabisa saa 9:30 alasiri. Tunafika sisi, yana saa mbili nzima tangu yaanze kurudi, na ulikuwa msimu wa kusi, wakati ambao pwani ile inapigwa na mawimbi makubwa, hivyo hata maji ya nusu hayavukiki. Walinzi walishafunga njia, wanapuliza filimbi.

Sasa piga hesabu. Dakika 50 mara tatu ni saa mbili na nusu. Siku ya nne maji yangekupwa saa kumi na mbili jioni, jua linazama, njia kavu. Siku ya nne ratiba yetu ilisema "manunuzi".

Hakuhitaji kuongeza hata shilingi, ni kupindua siku mbili tu. Jedwali la maji la bandari ya Benoa, hukohuko Bali, linapatikana bure, unalisoma kwa dakika moja. Ukiona siku fulani jioni ni maji kujaa, peleka watu kwenye mahekalu ya bara: Ulun Danu Bratan iko kando ya ziwa, kama mita 1,200 juu ya bahari, na Tirta Empul ni ya chemchemi, watu wanaoga humo kama ibada. Huko bahari haina habari nao. Hata hekalu la Uluwatu, lililo kwenye jabali la kama mita 70, unaingia maji yakiwa popote, ila usiwaahidi watu ufukwe wa Padang Padang siku hiyo, maana ni mwembamba na maji yakijaa hakuna pa kutandika kanga.

Nikampigia wakala. Kule saa 12:30 jioni, Dar ni saa 7:30 mchana, nasikia kabisa mtu yuko kwenye wali maharage. Nikamweleza taratibu. Akanijibu: "Sasa dada, maji kujaa ni mimi nimeyajaza?"

Mtu wa Dar huyo! Mji ambao mtoto wa Kunduchi anajua bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) kabla hajajua kusoma. Angekuwa ametoka sehemu isiyo na bahari ningemsamehe.

Nisiwe mchoyo, mengine yalikwenda. Hoteli ya Sanur ilikuwa safi, na ufukwe wake una mwamba wa matumbawe kwa mbele, watoto wanaoga bila wasiwasi. Dereva alikuwa mtu wa maana hasa. Uluwatu alituvua miwani na kofia tukiwa bado garini, kwa sababu nyani wa pale wanapora mchana kweupe, kisha mtunza nyani anakukombolea miwani yako kwa matunda na wewe unamshika mkono kwa noti. Kikoi changu kilipita mlangoni kama sarong, mshipi wa kiunoni nikaazima palepale. Tirta Empul alitueleza kwamba sarong ya kuogea ni nyingine, unakodi ndani, na kwamba kuna mifereji miwili ya ibada za wafu ambayo huinamii. Pia ndiye aliyetuambia mwanamke aliye kwenye siku zake haingii hekaluni. Hilo la mwisho lilipaswa kusemwa Dar kabla ya pesa kutoka, si kwenye maegesho. Na ile tozo ya utalii ya rupia 150,000 kwa kichwa, ipo tangu Februari 2024, wakala aliyesema "kila kitu ndani" hakuigusa.

Kwa dereva peke yake nilishafika nyota nne.

Halafu nakumbuka siku ya nne. Dereva mwenyewe alisema mapema asubuhi: leo jioni maji yanakupwa, tuache maduka, niwarudishe Tanah Lot, muulizeni tu bosi wenu maana gari analilipia yeye. Tukauliza kwa WhatsApp. Jibu: "Ratiba haibadilishwi." Maneno mawili, hakuna hata samahani. Saa kumi na mbili jioni ile tulikuwa dukani Kuta tunachagua sumaku za friji, na njia ya mwambani iko kavu, watu wanavuka. Nyota moja, na hiyo ni ya dereva.

Wiki hii ofisi ya wakala imetuma ofa: kisiwa cha Mbudya, Jumamosi, boti inaondoka Kunduchi saa nne kamili asubuhi. Jumamosi hiyo mwezi ni mpevu. Bamvua la Dar linakupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, boti itakuwa imelala mchangani.