Nilimpelekea fundi banjo-mandolini ya babu, nikarudishiwa kitu kingine

Sina mazoea ya kuandika habari za mafundi, lakini la huyu limenikaa kooni. Ni hapa hapa Dodoma mjini, duka silitaji.

Banjo-mandolini ni vyombo viwili katika kimoja. Shingo na nyuzi ni za mandolini, nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili. Tumbo ni la banjo, duara lililowambwa ngozi kama ngoma. Ndiyo maana kadogo vile lakini kanasikika hadi nyumba ya tatu.

Nilichoomba ni nyuzi mpya, basi. Siku ya kuchukua nakuta ngozi haipo! Kawamba plastiki, nyeupe pee. Nauliza ngozi yangu iko wapi, hata hanitazami: "Ilikuwa imelegea, dada. Nimetupa. Siku hizi nani anatumia ngozi?"

Nani anatumia ngozi? Kaka, uko Ugogoni! Mama zetu kabla ya kupiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wanazipasha ngoma moto kwanza, ngozi ikaze, ndipo wapige. Ngozi ikilegea wakati wa mvua haijafa, inasubiri jua, na jua la Dodoma nani kalikosa? Ile ngozi ilikuwa na doa jeusi pale kidole kidogo cha babu kilipokuwa kinaegemea miaka yote. Kwa ndani aliandika jina lake kwa penseli. Nimefukua taka nyuma ya duka kwa mikono yangu, nimevaa nguo za kanisani. Walishachoma.

Haki yake nimpe. Nyuzi kafunga vizuri, na daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi juu ya tumbo), ambalo kwenye chombo hiki halikugundishwa, kaliweka panapostahili. Hata nikibonyeza juu kabisa shingoni sauti haipotoki. Bei ya kawaida. Mvua zilipoanza, plastiki haikulegea na wenzangu wa kwaya wameifurahia. Nikataka kabisa kusema mpelekeeni, kazi anaijua.

Halafu jioni moja nikaipiga peke yangu nyumbani. Ile sauti kavu, yenye mkwaruzo kwa mbali, haipo tena. Inalia kama sufuria. Hapana, msimpelekee. Gitaa jipya labda, ila kitu alichokuachia mzee wako, usithubutu. Mimi nimeshaagiza ngozi ya mbuzi kutoka Chamwino, na atakayeiwamba ataiwamba mbele ya macho yangu.