Chumba cha Hoteli Mbeya Mjini: Fungua Maji Kwanza, Hela Baadaye

Julai mwaka jana nilishuka Mbeya saa tatu usiku, mgongo umekufa ganzi kwa safari ya basi kutoka Morogoro. Kesho yake saa mbili asubuhi nilitakiwa kukaa mbele ya kamati ya manunuzi na sampuli zangu za vifaa vya maabara. Chumba nilikuwa nimeshakilipia kwa simu: shilingi 70,000, katikati ya mji, ghorofa ya juu kabisa, picha zinang'aa kama za harusi. Na sikudanganywa. Kila kilichokuwa kwenye picha nilikikuta, televisheni pana kama mlango, taulo zimekunjwa umbo la bata, meza ya kufanyia kazi na taa yake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikafungua bomba la mvua. Maji yakatoka membamba kama uzi, baridi ya kung'oa meno.

Nikapiga simu mapokezi. "Fungua taratibu mama, yatakuja," kijana akasema. Nikafungua taratibu. Nikapiga tena. "Basi fungua mpaka mwisho, mama." Nikafungua mpaka mwisho. Baada ya robo saa mlango ukagongwa, dada wa usafi kasimama na ndoo ya maji ya moto na kopo. "Shikamoo mama, pole. Hicho chumba ndivyo kilivyo."

Ndivyo kilivyo! Kumbe wanajua.

Tangu siku ile nimerudi Mbeya mara sita kikazi, sikulala hoteli moja mara mbili, na mkobani natembea na kipimajoto cha jikoni. Mume wangu anasema nimechanganyikiwa. Huenda. Ila nikiingia kwenye kikao naingia nimeoga.

Sitakuandikia habari za intaneti, maegesho wala kifungua kinywa. Intaneti utatumia bando lako mwenyewe, wala usijidanganye. Kifungua kinywa ni kilekile kila mahali: supu, chapati, yai la kukaanga, na tikitimaji lililokatwa tangu jana. Kuhusu eneo nitasema moja tu. Kama shughuli zako ziko benki na ofisi za serikali, tafuta Uhindini au Sisimba utembee kwa miguu. Ukitaka utulivu, nenda Forest. Mwanjelwa na Kabwe ni kwa mwenye biashara ya soko na usingizi mzito, maana barabara kuu ya Zambia iko hapo hapo na malori hayalali.

Sasa tuje kwenye maji.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Wa Dar mnaokuja na shati la mikono mifupi mwezi wa saba, shauri yenu. Maji ya bombani asubuhi ya Julai nimeyapima, nyuzi 14. Maji ya kuoga yanayomridhisha mtu wa kawaida ni nyuzi 40. Kwa hiyo hita inatakiwa ipandishe nyuzi 26, kila lita, papo hapo, huku wewe umesimama uchi unasubiri. Mjini Dar hita hiyohiyo inapokea maji yaliyoshinda juani kwenye simtanki, kazi yake nusu imeshafanywa. Ndiyo maana mwenye hoteli aliyejenga Mbeya kwa mawazo ya Dar anakuumiza bila hata kukusudia.

Shawa nyingi za umeme tunazozikuta huku zina nguvu ya wati 5,500. Nguvu hiyo inatosha kupandisha nyuzi 26 kwa lita tatu kwa dakika. Lita tatu tu. Ukifungua zikapita lita tano kwa dakika, maji yanapanda nyuzi 16, unaoga maji ya nyuzi 30, yaani uvuguvugu wa kumwogeshea mbwa. Umeme nao ukishuka mtaani jioni, kila mtu anapika na kupasha, volti zikatoka 220 zikaingia 180, theluthi nzima ya joto imekwenda na maji.

Kipimo chake hakihitaji kipimajoto. Chukua ile chupa ya nusu lita ya maji waliyokuwekea mezani, kunywa maji, kinga chini ya shawa ikiwa imewashwa. Ikijaa kwa sekunde kumi, hapo ndipo penyewe. Ikijaa kwa sekunde sita, punguza bomba. Ikichukua nusu dakika, hama chumba.

Nikwambie kwa nini chumba changu cha ghorofa ya juu kilikuwa jiwe. Shawa hizi zina kiwambo ndani kinachosukumwa na maji ndipo umeme uwake. Simtanki iko juu ya paa, chumba kiko chini yake hatua mbili, maji hayana msukumo, kiwambo hakisogei, hita haiwaki. Fungua taratibu, fungua mpaka mwisho, soma na dua ukitaka. Ghorofa ya chini kabisa nako maji yanakuja kwa fujo yanapita hita kabla hayajapata moto, ingawa hilo unalitibu kwa kubana bomba. Kwa hiyo ukifika mapokezi omba ghorofa ya katikati. Wanakushangaa, wanadhani una masharti ya mganga. Waache.

Jambo jingine ni usalama wako. Ukigusa bomba la chuma ukahisi linakuchoma vidole au kukutekenya, toka, zima breka, usioge. Hakuna ethi hapo, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, au ipo kwa jina tu. Nimekutana na hilo hoteli moja mwaka huu, nikaambiwa "ni kawaida mama, vaa ndala". Nilivaa ndala nikashuka nazo mpaka mapokezi kudai hela yangu.

Sasa mpangilio wangu.

Ninayoiweka juu ya zote ni hoteli ndogo ya ghorofa mbili au tatu, vyumba kumi na tano mpaka ishirini na tano, yenye shawa ya umeme kila chumba, na shawa hiyo iwe Lorenzetti. Ndiyo, nataja jina, na hapana, hawajanilipa, japo wangenilipa ningepokea. Ni Wabrazili wa São Paulo, wako kwenye biashara tangu 1923, na kule kwao nyumba kwa nyumba wanaoga kwa vitu hivi. Ninachokipenda ni kwamba elementi yake, ule waya wa ndani unaopasha maji, ikiungua, fundi anaifungua, anaweka nyingine, mchana uleule unaoga. Nyingine zikifa zimekufa, mwenye hoteli anaziacha zining'inie pale kama pambo la ukutani. Nimeoga chini ya Lorenzetti Mbeya, Iringa na Makambako, na mara iliyonikosea kosa lilikuwa la tangi la paa. Angalia jina kwenye mwili wa shawa, si kwenye boksi wala mdomoni mwa mhudumu, maana bandia zipo na zinafanana nayo mpaka rangi. Hoteli za namna hii nimezilipa kati ya 45,000 na 65,000. Ndogo zina faida nyingine: mwenye mali mara nyingi yupo palepale, ukilalamika unalalamika kwa mtu anayeweza kutoa hela mfukoni na kumtuma mtoto dukani.

Ya pili ni hosteli za makanisa. Wamoravian, Wakatoliki na KKKT wote wana nyumba za wageni nyanda za juu kusini, na watu wa kazi wanazidharau bure. Chumba ni kidogo, kitanda cha futi tatu na nusu, Biblia mezani, bia hakuna, na geti lina saa yake. Lakini mablanketi ni mawili, mazito, na mama msimamizi ni wa umri wa kukutazama usoni akakuambia ukweli: "Mwanangu, maji ya moto ni saa kumi na mbili mpaka saa mbili, ukichelewa shauri yako." Mimi hilo linanitosha kabisa. Ahadi ndogo iliyotimizwa. Kama hunywi na hutarudi usiku wa manane, unaweza kuipandisha namba moja, sitagombana nawe.

Ya tatu, na hapa najua nitapata maneno, ni hoteli kubwa zenye lifti na hita za tangi. Watu wanazisifia kwa sababu maji yakitoka ya moto yanatoka ya moto kwelikweli. Sawa. Lakini tangi la lita 50 lenye maji ya nyuzi 60, ukilichanganya na maji yetu ya nyuzi 14, linakupa lita 88 hivi za kuoga. Hapo ni watu wawili wasio na haraka. Wa tatu anasubiri, na hita ya wati 1,500 inahitaji karibu saa mbili kulipasha upya. Kama tangi ni la chumba chako peke yako, hongera. Kama mnachangia vyumba vinne, amka wa kwanza. Halafu kuna tabia ya kuzima swichi usiku kubana matumizi, inawashwa saa kumi na mbili mlinzi akikumbuka, na wewe saa kumi na moja na nusu umeshavua nguo. Uliza swichi iko wapi. Ikiwa nje ya chumba, kwenye korido, nyuma ya kijimlango kilichofungwa kwa kufuli, hiyo hita si yako.

Za sola sizipangi. Jioni saa kumi na mbili ni tamu, alfajiri ni bahati nasibu.

Gesti za 15,000 na 20,000 za karibu na stendi: unaletewa ndoo. Beba ndala na kufuli yako.

Kuna msomaji wa Njombe aliyenilalamikia kwamba nalaumu bure, umeme ni ghali, wenye hoteli nao wana watoto. Basi tupige hesabu, mama yangu. Shawa ya wati 5,500 ikiwaka dakika kumi inakula yuniti 0.92. Kwa bei ya LUKU tunayonunulia majumbani, shilingi 350 na kidogo kwa yuniti, hiyo ni kama shilingi 330. Mia tatu na thelathini! Mtu kanilipisha 70,000, ananinyima maji ya 330. Soda nimenunua kwa bei kubwa kuliko hiyo kwenye friji yake mwenyewe.

Na wakati huohuo televisheni ni ya inchi 55. Nani anakwenda Mbeya kikazi kuangalia televisheni? Lakini televisheni inaonekana kwenye picha, maji ya moto hayapigwi picha. Hapo ndipo pesa inapokwenda.

Sijamaliza. Risiti. Sisi tunaosafiri kwa masurufu ya ofisi tukirudi bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hela inakatwa kwenye mshahara. Mara tatu kati ya hizo sita nimeambiwa bei, nimekubali, nimetoa hela, nikadai risiti, nikajibiwa "ya EFD mama? Basi ongeza kidogo." Niongeze kwa lipi? Nilipe kodi yangu na yako? Siku hizi sentensi yangu ya kwanza, hata kabla ya habari za hapa, ni "bei pamoja na risiti ya EFD ni ngapi?" Fanya hivyo hivyo.

Ukiweza, usiende wiki ya kwanza ya Agosti. Nane Nane viwanja vya John Mwakangale hujaza mji, na mwaka 2022 na 2023 maonyesho yalipofanyika kitaifa hapo, chumba kilikuwa kitu cha kuombea mtu wa kumjua. Chumba nilichokilipa 50,000 mwezi Mei mwaka huu, kwa Nane Nane nimetajiwa 90,000. Nikauliza kuna nini kimeongezeka. "Wageni, mama."

Mimi bahati mbaya ni lazima niwepo. Kwa hiyo jana nikapiga simu hoteli nyingine, ya Sisimba, niliyoelekezwa na dereva bajaji. Akapokea binti mwenye sauti nzuri.

"Maji ya moto yapo, mdogo wangu?"

"Yapo mama, masaa ishirini na nne."

"Hita ni aina gani?"

Kimya. "Ngoja nimuulize bosi, nitakupigia."

Sikutegemea, lakini jioni kweli akapiga.

"Mama, nimemuuliza. Anasema ni nyeupe."