Brashi ya kusafishia gia: pima unene wake kabla hujatoa hela

Nilinunua seti ya vipande sita vya kusafishia baiskeli, juu ya pakiti imeandikwa "kwa gia zote". Siku ya tope la kwanza nikaipindua baiskeli magurudumu juu, nikashika brashi ya gia, nikasukuma. Haikuingia. Nywele zake zilikunjikia juu ya meno, na tope likabaki palepale katikati, limeshikana na grisi ya zamani, uzi mmoja wa nyasi umejisokota ndani. Kazi niliimalizia na kijiti.

Wauzaji watakusifia ugumu wa nywele na urefu wa mpini. Hayo unayaona mwenyewe. Wanachonyamazia ni unene wa ukingo. Baiskeli yenye gia 7 za nyuma ina nafasi ya kama milimita 3 kati ya gia na gia. Yenye gia 11 inabaki na kama milimita 2. Brashi nene haifiki chini, na tope uliloliacha huko halitulii. Cheni ikipita inalizoa, mchanga na mafuta vinageuka msasa, na cheni uliyoing'arisha asubuhi inakuwa nyeusi kabla ya jioni. Ndiyo maana huwa naanza na gia, kisha vile vigurudumu viwili vidogo vinavyokaza cheni kwa nyuma, cheni yenyewe mwisho.

Namba moja kwangu ni brashi ya GSC-1 ya Park Tool, kampuni ya vifaa vya baiskeli. Ndiyo, nina upendeleo. Vifaa vyao vya bluu vimejaa kwenye sanduku langu. Upande mmoja una nywele ngumu za nailoni, upande wa pili ncha ya plastiki iliyopinda, yenye meno. Mimi nalipia hiyo ncha. Unaichomeka kati ya gia, unazungusha gurudumu taratibu, na tope kavu linatoka kwa vipande vilivyopinda kama maganda ya chungwa. Nywele ni za kumalizia tu.

Namba mbili ni kisanduku chao cha cheni, CM-5 Cyclone. Cheni inapita ndani huku brashi zikizunguka kwenye dawa ya kuyeyusha grisi, na chini kuna sumaku ya kunasa chembe za chuma. Brashi zikichakaa unabadilisha brashi, hutupi kisanduku. Ila gia hakizigusi kabisa. Ukinunua hiki kabla ya brashi, ni sawa na kuoga ukarudia nguo zilezile. Angalia pia dawa isichuruzike hadi katikati ya gurudumu, maana itaosha grisi ya gololi.

Namba tatu, mswaki wa zamani. Kwa vile vigurudumu vidogo unatosha.

Mashine ya maji ya kasi haimo kabisa. Inasukuma tope kulekule kwenye gololi.

Ile seti yangu niliirudisha. Nikaambiwa haipokelewi, imeshatumika. Sasa ningejuaje haiingii bila kuiingiza? Na vile vipande vingine vitano, nani aliviomba? Sponji ya kuoshea vyombo, glavu zisizopita vidole, na chupa ndogo ya dawa yenye picha ya limau, ambayo ukiinunua peke yake bei inakutoa jasho. Mafuta ya taa kidogo kwenye tambara, mbali na moto, yanatoa uchafu uleule kwenye cheni. Ifute, iache ikauke kabisa, tia tone moja moja la mafuta ya cheni kwenye kila kiungo, kisha futa yaliyozidi. Mafuta yakibaki nje yanaita vumbi.

Ukienda kununua, beba rula. Kama pakiti haifunguliwi, mwombe muuzaji akupimie ukingo wa brashi mbele yako. Wa kwangu alinijibu kwamba watu hawapimagi brashi.