Skana ndogo ya kusoma makosa ya gari, inasoma mpaka eabegi (mfuko wa hewa wa ajali), nimeitumia kwenye pikapu yangu

Jamani hii skana imeniokoa. Taa ya eabegi ilikuwa inawaka muda wote kwenye dashibodi, na kile kisomeo changu cha zamani kilikuwa kinaniambia hakuna kosa, kumbe vile vya bei rahisi vingi vinasoma kodi (namba za makosa) za injini tu zinazoanza na P, za eabegi zinaanza na B. Hii mpya nimeichomeka tu ikatoa B0001, saketi ya eabegi ya dereva. Na honi nayo ilikuwa inalia ikijisikia, hapo nikashajua ni ule utepe wa waya unaojikunja chini ya usukani, unaopitisha umeme wa honi na eabegi.

Sasa ubaya wake, inaonyesha kodi na maelezo mafupi basi, haikuonyeshi ukinzani wa saketi kama zile kubwa, kwa hiyo kuthibitisha ni kazi yako. Mimi nilitoa waya hasi wa betri nikasubiri dakika kumi hivi, nikachomoa soketi ya njano ya eabegi nikaweka rezista ya omu 2 (kijiti cha ukinzani kinachojifanya eabegi) mahali pake, nikarudisha betri, kodi ikabaki palepale, yaani eabegi ni nzima, shida ni utepe. Na tafadhali usipime eabegi yenyewe kwa multimita, inaweza kukulipukia usoni!

Nimebadilisha utepe, nikafuta kodi kwa hiyohiyo skana, taa imezima. Nyota nne, waya wake mfupi mno.