Gitaa la elfu kumi na nne na chumvi ya Malindi

Gitaa langu la umeme nililinunua la mtumba, Mombasa, kwa shilingi 14,000. Ni umbo la Stratocaster, lile ambalo kampuni ya Fender ililitoa mwaka 1954 na viwanda vingi vikaliiga. Shingo yake imenyooka na mbao zake zinavuma vizuri hata kabla hujachomeka waya. Yaliyobaki yalikuwa ya bora liende.

Na Malindi haina huruma na chuma cha bora liende. Kusi ikivuma, chumvi inaingia hadi kabatini. Skrubu za briji, kile chuma kinachoshika nyuzi huku mwilini, zilishika kutu hata ufunguo ukawa unateleza, na nikigusa voliumu, spika inakwaruza kama mtu anakuna nazi.

Matengenezo nilianza pabaya. Nilianza na pikapu, si zile za kubebea mbata, ni zile zenye sumaku zinazokaa chini ya nyuzi. Nikatoa zenye sumaku za seramiki, nikaweka seti yenye sumaku za alniko 5 kwa 9,000. Sauti ilibadilika, sikatai. Nyuzi nyembamba haziumizi tena masikio. Ila huko hotelini tunakopiga, wageni wanakula kamba wao na gumzo lao, tofauti niliisikia mimi peke yangu.

Voliumu na toni ndizo zilizonifurahisha. Nilinunua vifaa vyake vitatu vya kuzungusha, vya kampuni ya CTS, kilo-omu 250, kila kimoja 850. Shingo zake ni nene kuliko za mwanzo, kwa hiyo ikabidi nipanue matundu kwa tupa ya mviringo, taratibu, plastiki isipasuke. Kapasita ya toni, ya mikrofaradi 0.022, ilinigharimu hamsini tu. Sasa nikishusha voliumu inashuka kwa ngazi, haikatiki ghafla, na ule mkwaruzo umekwisha.

Nilipofunga kila kitu, gitaa likanguruma kuliko mwanzo. Nikigusa jeki, pale pa kuchomekea waya, linanyamaza, nikigusa nyuzi wala halijali. Nikalipeleka kwa fundi wa redio. Akafungua nyuma, akaangalia waya wa ethi unaoshikana na chuma kinachoshika springi za briji, akaugusa kwa kucha. Ukang'oka. Risasi niliyochomelea ilikuwa imekaa juu ya chuma kama tone la maji kwenye jani la myugwa, haijashika.

"Mwanangu, hii pasi yako ya kuchomelea ni ya wati ngapi?"

"Thelathini, mzee."

Akacheka. Chuma kile ni kinene, kinanyonya moto wote. Akakikwaruza kwa msasa, akachukua pasi yake ya wati 60, kufumba na kufumbua kazi imekwisha. Mia mbili.

Mgongo wa pikapu niliuzungushia utepe wa shaba wa 600. Umepunguza kelele za taa. Mngurumo wa umeme wenyewe bado upo kidogo, na kwa pikapu za koili moja huo utauzoea.

Kilichoniokoa kuliko vyote sikukinunua. Kile kipande cha plastiki nyuzi zinapopita kabla ya kufika kwenye vigingi kilikuwa kinazibana, ukivuta uzi haurudi mahali pake. Nikaomba mfupa wa paja la ng'ombe buchani, nikauchemsha mpaka mafuta yakatoka, nikauanika wiki nzima (paka wa jirani aliujaribu mara mbili), nikausugua hadi milimita 42. Mifereji nilichonga kwa tupa ndogo nilizoazima kwa sonara, kisha nikapaka unga wa penseli. Nilikuwa nimeshaweka akiba ya vigingi vipya vya kujifunga. Sijavinunua, vya zamani havikuwa na kosa.

Vikalio vya nyuzi kwenye briji, vya chuma kisichoshika kutu, 3,200, ukikaa pwani ni lazima.

Jumla 15,600, zaidi ya bei ya gitaa lenyewe. Ningeacha pikapu ingekuwa 6,600. Jumamosi tulipiga harusi Shella tangu saa tatu hadi saa nane usiku, nikakaza uzi mara moja tu, ule wa tatu.