Fundi wa altaneta pale Kisekka: nyota nne kati ya tano

Taa ya betri ikiwaka kwenye dashibodi na taa kubwa zikafifia ukiwa kwenye foleni, usikimbilie duka la betri; huenda ni altaneta, mashine inayozungushwa na injini na kuchaji betri. Premio yangu ilinizimikia Lugazi nikitoka Jinja, na jamaa wa kwanza kuiangalia alitaka laki tatu na nusu za betri mpya. Hata mita ya kupimia umeme hakuwa nayo! Gari ni otomatiki, kwa hiyo kusukuma hakusaidii. Nikakodi betri iliyochajiwa, nikazima redio, feni na taa, nikateremka nayo Kampala mchana mchana.

Kisekka, soko la vipuri vya magari hapo Kampala, ukishawapita madalali wanaokuvuta shati, kuna mafundi wa umeme wanaojua kazi. Huyu wangu alirudisha betri yangu, akaniwashia gari kwa nyaya, kisha akaweka mita. Injini inanguruma, mita inasoma volti 12.1 na inazidi kushuka, wakati ilitakiwa isome kama 14. "Mzee, betri haina kosa, inalazwa njaa," akasema.

Akaishusha altaneta na kuifungua mbele yangu. Kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimelika, moja imebaki kama kipande cha ukucha, haigusi tena pete ya shaba. Akapima daiodi, zinazotakiwa kupitisha umeme upande mmoja tu, moja moja, akakuta moja inapitisha umeme pande zote mbili. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikinyonya betri usiku kucha, gari limeegeshwa na funguo ninazo mfukoni.

Kilichonifurahisha zaidi: hakuchomoa waya wa betri injini ikiwaka ili "kujaribu chaji". Wako wengi wanaofanya hivyo, na hapo ndipo regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za altaneta, inapoungua, pengine na kompyuta ya gari.

Nilikuwa na hiari ya kununua altaneta ya mtumba ya Japani, lakini ya mtumba nayo huijui imetembea kiasi gani. Nikachagua kutengeneza: kaboni, daiodi na regyuleta mpya. Vipuri vya zamani alinikabidhi kwenye mfuko. Baada ya kufunga, mita 14.2, na hata nilipowasha taa na eisii haikushuka chini ya 13.8. Betri ikalala kwenye chaja, maana altaneta si ya kufufua betri iliyoisha chaji kabisa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya dhamana. Regyuleta wanaidhamini miezi mitatu, daiodi hawataki kabisa kuisikia. Tulibishana hadi jioni, sikushinda.