Jerikeni la chuma lilivyolishinda hema langu: uzoefu wangu wa dago Misali

Ami yangu alivitazama vitu vyangu pale bandarini Wesha, Pemba, kimoja kimoja, akaguna. Hema jipya la nailoni. Taa ya sola ya kuvaa kichwani. Kijiko kinachogeuka uma ukikikunjua. Kisha akaliona jerikeni la chuma la kijani ya jeshi, nililolitoa kwa muuza vyuma chakavu kwa shilingi 35,000. "Mwanangu," akasema, "hapa tu ndipo ulipotumia akili."

Tulikuwa tunakwenda dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, kisiwani Misali, siku nne za kuvua. Tangu hapo nimerudi mara tatu na vitu vile vile, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyefungua boksi jana.

Kwetu jerikeni ni jina la kila kitu, hata dumu la plastiki la mafuta ya kupikia. Lenyewe hasa ni chombo cha lita 20 kilichobuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya jeshi. Waingereza walioingia vitani kule jangwani Afrika Kaskazini walikuwa na madebe ya bati jepesi, petroli ikivuja njiani kabla haijafika kwenye gari. Wakawa kila wakiyateka ya adui wanayatumia wao. Mjerumani walimpachika jina la Jerry, na chombo chake kikalibeba jina hilo mpaka Wesha.

Tazama vishikio vyake, viko vitatu. Likijaa, mtu mmoja hulibeba kwa kile cha katikati. Wakiwa wawili, kila mmoja hushika cha upande wake. Yakiwa matupu, unayaweka mawili ubavu kwa ubavu ukayabeba kwa mkono mmoja. Nililielewa hili siku tuliyofika maji yamekupwa, mashua haiwezi kusogea kwa miamba, tukashuka maji ya kiunoni, ami huku na mimi kule. Dumu la kishikio kimoja mngelinyang'anyana.

Ubavuni limebonyezwa alama ya msalaba. Nilidhani ni pambo, kumbe ndiyo inayolitia nguvu bati na kulipa nafasi ya kutanuka petroli ikipata jua. Maungio yake yamezama ndani, kwa hiyo likigonga ubao wa mashua hayaguswi. Kifuniko hakizungushwi, unakibana kwa wenzo, na kwa kuwa kimefungwa pale pale hakiwezi kukuangukia baharini. Mdomoni mna kijibomba cha kupitisha hewa, mafuta yanatoka bila kugugumia.

Safari ya pili wimbi lilituyumbisha, jerikeni likaruka nje, nalo limejaa. Nikashika kichwa. Ami hata hakuharakisha. Petroli ni nyepesi kuliko maji na juu yake mlikuwa na hewa, basi likawa linaelea kama boya, tukageuza tukaliokota. Ndani halikuingia tone. Zamani tukitumia dumu lenye kizibo kilichozibwa kwa kipande cha nailoni, maji ya chumvi yaliwahi kuingia kwenye petroli, mashine ikakata, tukapiga makasia mpaka Ras Mkumbuu. Mikono yangu bado inaikumbuka siku ile.

Kasoro? Kutu. Hewa ya bahari hailionei huruma. Nikirudi nalisuuza nje kwa maji yasiyo ya chumvi, nalifuta, na palipochubuka napaka rangi. Tena ni zito hata likiwa tupu. Maji ya kunywa sitii humo kabisa, na Misali hakuna maji matamu, yote unatoka nayo nyumbani. Hapo dumu la plastiki linashinda, sina ubishi.

Jihadharini na ya kuiga. Nilinunua la pili, jipya, kwenye duka moja la mjini. Kwa macho ni pacha. Mpira wa kifunikoni ukalainika kwa petroli kama ubani uliotafunwa, likaanza kulia machozi. Kabla hujalipa, bonyeza bati kwa kidole gumba, fungua na kufunga wenzo mara kumi, uutazame ule mpira.

Chemli, ile taa ya utambi, nayo imebaki. Hewa huteremka kwa yale mabomba mawili ya ubavuni, ndiyo maana upepo wa kusi unapiga na utambi hautikisiki. Taa ya sola ilikuwa nzuri usiku wa kwanza. Siku mbili za mawingu zikaimaliza. Ila chemli nayo tuliificha nyuma ya turubai, kwa sababu kasa hutaga pale na mwanga wa pwani huwapoteza watoto wao.

Chupa ya maji ya askari, ile ambayo kikombe cha chuma kinavaa chini yake, ni mpango wa jeshi la Marekani wa tangu 1910. Kikombe kinakaa motoni, chai inachemka humo humo. Kingo zake huunguza midomo, subiri kidogo.

Hema nimemgaia binamu. Lilikuwa joko, alfajiri linadondosha jasho langu mwenyewe. Nalala mkekani chini ya turubai.

Jerikeni liko kwa ami. Nimeshalidai mara mbili. Ananiambia rangi haijakauka.